Viatu vya Ubao wa Elia

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, ukungu umekaa juu ya Lushoto hadi saa nne, mdogo wangu Elia alipoingia kwenye kibanda changu cha kushona viatu na kitu nisichowahi kukiona. Ubao mmoja mrefu, umechongoka mbele, na juu yake viatu viwili vya mpira vimekazwa kwa skrubu, kimoja nyuma ya kingine.

Hiyo ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imerudi sokoni na hoteli mpya zinachipuka pwani. Elia alikuwa ameteremka Pangani kutafuta vibarua vya boti, na huko akajifunza kusimama juu ya ubao wa namna ile huku boti ikimvuta majini. Usicheke. Mimi nilicheka, naye akaniacha nicheke mpaka nikachoka.

Basi hoteli moja ilitaka mtu wa kuwafundisha wageni mchezo huo. Jumamosi meneja angemtazama Elia, na akiridhika, kazi ni yake. Mama yetu alikuwa ameshaanza kuiombea kazi ile kanisani. Ila ubao wenyewe ulikuwa wa mitumba, mwenyewe wa kwanza alikuwa pande la mtu, na viatu vilikuwa vimeachana mno.

"Kaka, cha mbele kiache," Elia aliniambia. "Hiki cha nyuma kisogeze mbele, katikati ubaki upana wa kidole. Usizidishe, kaka."

Nikamwambia sawa. Kumbe moyoni nilikuwa nimeshaamua vingine. Sisi tuliozoea kuteremsha magunia ya viazi kwenye miteremko ya huku tunajua kwamba anayebana miguu huanguka. Na mimi fundi, niliyevalisha nusu ya mji, niagizwe na mtoto niliyembeba mgongoni! Nikasogeza kile kiatu kidogo tu, nikaacha shibiri nzima katikati. Nikatoboa matundu kwa keekee, nikakaza skrubu, nikaufunga ubao ndani ya gunia na kuupandisha mwenyewe juu ya basi la Mombo, Elia ameshakaa ndani. Nilifanya kwa mapenzi, mwanangu. Kiburi hakiji siku zote kimenuna, siku nyingine huja kimevaa mapenzi.

Elia alilifungua gunia ufukweni, meneja ameshakaa kwenye boti. Hakuwa na bisibisi wala muda, akajaribu hivyo hivyo. Mguu wa nyuma ulikuwa mbali mno, uzito wote ukarudi nyuma, ubao ukamgomea. Alianguka mara tatu. Kazi akapewa kijana mwingine.

Habari ziliponifikia, Mzee Hoza, aliyenifundisha ufundi, alikuwa amekaa kibandani kwangu. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza, "Wewe umewahi kusimama juu ya ubao ule, majini?"

"Hapana, mzee."

"Na Elia?"

Nikaweka chini kiatu nilichokuwa nashona.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chukua bisibisi yako, shuka ukamwombe radhi mdogo wako."

Nilimkuta Elia bado yuko Pangani, anapakia mizigo. Nikamwomba radhi, nikamwambia avae vile viatu, tena nikapiga magoti mchangani. Aliweka kidole chake mwenyewe pale kati, nami nikatoboa upya. Jioni rafiki yake wa boti akamvuta mara moja. Aliinuka papo hapo. Mtoto wa mama yangu, aliyekulia kwenye mashamba ya kabichi, amesimama juu ya maji, ameegemea upande mmoja kana kwamba amezaliwa huko! Nililia, sikujali nani ananiona. Alikuwa anaiweza ile kazi, na ilikuwa imeshakwenda.

Majuto ni mjukuu, na wangu amekua nikimtazama. Elia alirudi nyumbani, leo analima karoti kule Lukozi. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Akija kupimwa viatu huweka mguu juu ya karatasi, ananitazama na kunichokoza, "Kaka, nikuambie, au unajua?" Tunacheka wote wawili. Kisha mimi huinama, nikijifanya natafuta penseli.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, wewe ambaye kesho utapewa watu wa kuwaongoza na watoto wa kuwalea. Kuuliza si ujinga, na kuambiwa na mdogo wako si aibu. Ukiona amekosea, mwambie usoni, bishaneni mpaka jua lizame kama ni lazima. Lakini usimwitikie "sawa" kisha ukafanya lako na kulifunga ndani ya gunia. Atakayesimama juu ya ubao ni yeye, na atakayeanguka ni yeye.

Mungu akujalie mikono ya ufundi, na masikio yanayoitangulia mikono hiyo. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie ndugu atakayerudi kuweka mguu wake juu ya karatasi yako.