Kibao cha Kukatia Nyama

Juzi binti yangu alinionyesha kitabuni shujaa wa kale wa Skandinavia, akiuma ukingo wa ngao yake ili apandwe na hasira kabla ya vita. Nikamkumbuka baba, alasiri ile nilipokuwa mtoto, katika fleti yetu ya Berea, Johannesburg, tulikohamia kutoka Kongo. Umati ulikuwa unaimba nje, ukisaka wageni. Mama alizima jiko ili harufu ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na mawese isitusaliti.

"Nyamazeni," alinong'ona. "Iko watu kwa ngazi."

Baba alisimama nyuma ya mlango, ameuma kibao cha kukatia nyama. Nilidhani amepandwa na hasira, nikamvuta shati.

"Papa, fungua uwapige."

Nyimbo zilipopotea, alikaa sakafuni, kibao kikiwa bado mdomoni. Leo najua alikiuma ili meno yake yasisikike yakigongana.