Mzee Ndani ya Gari la Mashuka

Mwaka wa tisa huu anaendesha gari la dobi, akibeba mashuka ya nyumba ya wazee. Wenzake humwita Bi Breki, maana yeye haendeshi, anaibembeleza barabara. Ukimuuliza rafiki yake mkubwa ni nani, atakujibu bila kusita: mzee niliyemwiba.

Asubuhi ya wizi huo alitoka getini kama kawaida. Mlinzi hukagua kila gari, ila mifuko ya nguo chafu haigusi. Huitazama kwa mbali, pua kaikunja. Mbele kidogo, mfuko mmoja ukakohoa.

Bi Breki akasimamisha gari, akafungua nyuma. Akatoka mwalimu mkuu mstaafu wa chumba cha nne, mkali kama pilipili, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsemesha ila kumkosoa.

"Usinirudishe, mwanangu," akasema. "Dada yangu anaondoka leo saa sita, anahamia kwa bintiye ng'ambo. Wanangu wamenificha, eti presha itapanda. Nikimkosa leo, simwoni tena."

"Mwalimu, nikikupeleka namwaga unga."

"Najua. Ndiyo maana sikuomba, nikajificha."

Bi Breki hakuwahi kumuaga mama yake, na jambo hilo bado linamuuma. Akamkalisha mzee mbele, akampigia msimamizi: "Mwalimu yuko nami, mzima, tutarudi alasiri." Akakata simu, akakanyaga mafuta.

"Punguza mwendo," mzee akafoka. "Nataka kufika nikiwa hai."

Walimkuta dada mtu ameshaketi garini, mkanda kaufunga. Akamtazama kaka yake juu mpaka chini.

"Kaka, unanuka."

Kisha akamkumbatia, wakalia wote wawili bila haya. Baadaye akauliza yule mwanamke pembeni ni nani.

"Mwenzangu," mzee akajibu.

Barua ya onyo Bi Breki aliipata. Mwalimu akamwandikia utetezi wa kurasa tatu, na kazi ikabaki. Tangu hapo hunywa chai pamoja, wakikosoana, na Bi Breki anamshukuru Mungu kwa kikohozi kile.

Mwaka uliofuata dada alifariki huko huko ng'ambo. Habari ilipofika, mwalimu aliomba aitiwe dereva kwanza. Bi Breki akaja, akaketi kando yake kitandani.

"Nilimuaga," mzee akasema.

"Ulimuaga, Mwalimu."

Mzee akamshika mkono, akamshukuru, na safari hii hakumkosoa kitu.