Magunia Matupu ya Mchele

Tshibola hakuwa mtu wa kuamini kitu cha bure. Hapa Kolwezi, alipenda kusema, hata vumbi lina mwenyewe. Ukipewa soda ya bure na kanisa jipya, jiandae kwa sadaka ya Jumapili. Ukipandishwa lori bila nauli, ujue kuna mahali utashuka ulisukume. Basi mwanzoni mwa likizo kubwa mumewe Kankolongo alipotangaza kwamba kila Jumamosi atawatembeza watoto bila kutumia hata faranga moja, Tshibola aliendelea kusonga bukari, ugali wa kwao, huku akimwangalia kwa jicho la pembeni.

"Utabatembeza na nini?" akauliza.

"Na miguu," Kankolongo akajibu. "Promenade njo vile, Mama Gloire. Mungu alitupatia miguu, hakutuomba kitu."

Kankolongo alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja la saruji. Alitoka jua likizama, akarudi asubuhi macho mekundu. Mtu wa namna hiyo, Jumamosi ikifika, hulala mpaka nzi wamchoke. Huyu wake halali, anatembea. Kwa nini? Tshibola aliliweka swali hilo akibani, kama mtu anavyoweka mboga ya kesho.

Jumamosi za kwanza hazikuwa na kasoro. Aliwapeleka stesheni kutazama mabehewa yakiunganishwa. Aliwapeleka kwenye waya wa uwanja wa ndege, wakangoja ndege hadi ikatua. Siku nyingine walikaa nje ya parokia kusikiliza kwaya ikijifunza wimbo uleule, ikikosea palepale. Watoto walirudi wakigombania kusimulia. Gloire, mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja, alisimulia kwa mpangilio. Mechack wa miaka sita alisimulia kwa mwili mzima, na wiki ile ya ndege alikivunja kikombe kwa bawa lake.

Halafu ikaja Jumamosi moja wakarudi bila hadithi.

"Mulienda wapi?"

"Promenade," Gloire akasema, akainama kufungua kamba za viatu.

"Mulicheza nini?"

"Tulicheza tu, mama."

Jioni, alipowavua nguo waoge, Tshibola alizigeuza kaptula za watoto. Makalio yote yalikuwa meusi. Si vumbi jekundu la mtaani kwao, ambalo kila mama wa mji huu analijua kama anavyojua chumvi. Lilikuwa jeusi, la ungaunga, la kule kwenye mawe ya madini. Akalinusa. 

Mama wa Kolwezi husoma nguo za mwanawe kabla ya kusoma uso wake. Matope ya kijivu miguuni maana yake mtoto ameingia mtoni kusukula mawe, yaani kuyaosha. Weusi kwenye viganja maana yake amebeba. Weusi wa makalio Tshibola hakuwahi kuusoma, lakini alijiambia kwamba mtoto anayechambua mawe lazima aketi mahali. Alipokwenda nyuma ya mlango kutafuta magunia matupu ya mchele, yale aliyokuwa akiyaweka kwa ajili ya makaa, hakuyakuta. Na katika mji huu gunia tupu likitoka nyumbani halina kazi mbili. Wachimbaji hulibeba asubuhi likiwa limekunjwa kwapani, na jioni huwa juu ya bega limejaa.

Sasa tuseme ukweli, maana nyani haoni kundule. Tshibola mwenyewe alikuwa na lake. Miaka michache nyuma, udongo ulimwangukia mdogo wake Lukusa ndani ya shimo, akatolewa siku ya pili. Kwenye kilio, mbele ya wazee na wajomba, Tshibola aliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga tena karieri, kwenye machimbo hayo. Watu walisikia. Lakini tangu msimu wa mvua uliopita, vitumbua vyake vilipokuwa vikilala sokoni bila mnunuzi, alihamisha beseni lake kimyakimya. Alikuwa akiuza kwenye karieri iliyo njia ya Mashamba, kwa vijana wachimbaji, ambao njaa yao haichagui. Nyumbani alisema bado yuko sokoni. Alitoka watoto wamelala, akarudi wakisinzia, Jumamosi tu akiwahi kidogo, akanawa miguu kwa jirani kabla ya kuingia kwake.

Kwa hiyo hofu yake ilikuwa na vichwa viwili. Kwanza, kwamba Kankolongo anawatumikisha watoto kwenye mawe na kuliita jambo hilo matembezi. Pili, kwamba siku moja, wakiwa na magunia yao kichwani, watamkuta mama yao ameketi palepale alipowakataza kukanyaga. Ipi ilimuuma zaidi? Hakupenda kujiuliza.

Jirani aliyemnawisha miguu ni Mama Brigitte, mwanamke mwema ambaye ulimi wake ulikuwa na miguu minne. Huyo ndiye aliyetia kuni.

"Mama Gloire, mi sipendi bya batu," akaanza, kama waanzavyo wote wapendao mambo ya watu. "Lakini bwana yako, siku ya samedi nilimuona. Alikuwa na masaki ya mchele mu kwapa na batoto nyuma. Balishika njia ya Mashamba."

"Uliona muzuri?"

"Macho yangu haiko ya kukopa. Na balikuwa banafurahi. Mutoto mwenye anaenda kazi na anafurahi, njo balimupatia bombo, dawa ya kugeuza kichwa."

Jumamosi iliyofuata walirudi weusi tena. Tshibola aliwapakulia bukari na samaki wadogo, akakaa mbele yao kama polisi. Mechack alikuwa na kitu kinachomwasha ulimini. Akameza tonge, akashindwa kujizuia.

"Leo mi njo nilimuona wa kwanza!"

Gloire akamfinya chini ya meza. Mechack akalia. Kankolongo akakohoa na kuomba maji.

"Ulimuona nani?" Tshibola akauliza.

"Ndege," Gloire akasema haraka.

"Ndege haisemwe 'nani', Gloire."

Usiku huo hakulala. Aliyeonwa ni nani? Mnunuzi wa mawe? Au mwanamke? Aligeuza jambo huku na huku, akampa mwanamke huyo sura, akampa nywele za kununua, akampa hata cheko. Dalili ya mvua ni mawingu, akajiambia, na haya yamekwisha kuwa meusi mpaka kwenye kaptula. Alikasirika, na chini ya hasira alikuwa na woga mtupu: alikuwa akimwona Mechack mahali pa Lukusa.

Jumamosi ikafika. Tshibola akatoka kama kawaida na beseni lake kichwani, lakini hakufika mbali. Aliingia kwa Mama Brigitte, akaweka beseni, akafungua kitambaa chake cha kichwa. Kilikuwa cha rangi ya chungwa, cha kung'aa, zawadi ya mamake mkubwa kutoka Kasai. Mtaa mzima ulimjua nacho. Akajifunga cheusi cha Mama Brigitte, akakaa nyuma ya ua akingoja.

Jua lilipopanda kidogo, walitoka. Kankolongo mbele, magunia kwapani, macho mekundu ya kutolala. Gloire alibeba kibuyu cha maji. Mechack aliruka kila jiwe. Tshibola akawafuata kwa mbali, akijificha nyuma ya vichuguu na malori yaliyoegeshwa. Walipita nyumba za mwisho, wakapita ukuta mrefu wa kampuni, wakashika ile njia anayoijua kwa nyayo zake mwenyewe. Kila hatua ilithibitisha. Maneno atakayomwambia mumewe mbele ya wachimbaji wote yalikuwa yamekwisha kujipanga.

Lakini kabla ya karieri walikata kushoto. Palikuwa na kilima cha kifusi cha zamani, udongo mweusi uliotupwa na mashine za enzi za babu zao, nyasi zikaota upande mmoja. Wakapanda. Tshibola akazunguka nyuma, akapanda kwa mikono na magoti, akajilaza kwenye nyasi karibu kabisa na kilele.

Akawaona. Kankolongo alitandika gunia, akamketisha Mechack, akamsukuma. Mtoto akateremka kilima kizima akipiga kelele, vumbi jeusi likimfuata, akabingirika chini, akainuka akicheka, akapanda tena mbio. Gloire akateremka ameketi wima kama mke wa gavana. Kisha yule mlinzi wa ghala, baba mzima mwenye mvi, akakunja magoti kwenye gunia lake, akateremka naye, akapoteza kiatu.

Basi ndiyo makalio meusi. Ndiyo magunia. Tshibola alilala pale kwenye nyasi akaona haya mpaka masikio yakawa moto. Alicheka kidogo, akajiziba mdomo kwa mkono. Alitaka kuteremka kinyumenyume na kurudi nyumbani bila mtu kujua, na pengine angefanya hivyo, kama Kankolongo asingesema:

"Bien. Sasa tumutafute."

Wakaja kileleni, hatua chache tu kutoka alipojificha, wakalala kifudifudi watatu wote, nyuso zimeelekea upande wa pili. Upande huo, chini kabisa, ilikuwa karieri.

Pale karieri wanawake hawakaribii midomo ya mashimo. Wachimbaji wanasema mwanamke akichungulia, mawe hukimbia. Kwa hiyo wauzaji wote huketi kwenye mstari mmoja, chini ya kilima hiki, kila mmoja na turubai lake na nafasi yake. Nafasi ya mtu haikaliwi na mwingine. Asipokuja, wenzake huiacha wazi, maana kukalia mahali pa mtu ambaye hujui kimempata nini ni kujiitia mkosi.

"Mwenye anamuona wa kwanza njo anapanda mu mugongo yangu mupaka nyumba," Kankolongo akasema. "Foulard ya orange. Angalieni muzuri."

Tshibola akashika kichwa: kitambaa cha chungwa ndicho alichokiacha kwa Mama Brigitte.

"Bâche ya bleu," Gloire akaanza kusoma mstari kutoka upande mmoja. "Mama wa samaki. Mama wa mayi. Kisha njo mama…" Akahesabu upya kwa kidole. "Papa. Mahali yake iko bule."

"Angalia tena."

"Niliangalia. Iko bule, papa. Bengine boote beko."

Kankolongo akainuka kwa viwiko. Hata yeye aliliona lile pengo katika mstari, kama jino lililong'oka. "Pengine alienda kunywa mayi," akasema.

"Beseni nayo ilienda kunywa mayi?" Gloire akauliza.

 Mechack alitazama chini, akasema polepole, "Udongo ilimuangukia? Sawa nonko Lukusa?"

"Hapana, mutoto."

"Basi eko wapi?"

Kankolongo alikuwa amekwisha simama. Mikono yake ilitafuta kiatu bila kukiona. "Mubakie hapa, Gloire, shika mukono ya mudogo yako, mi nashuka kuuliza," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayecheza.

Hapo Tshibola akainuka kutoka kwenye nyasi, kitambaa cheusi kichwani, vumbi mpaka nyusi.

"Mi niko hapa," akasema.

Walimgeukia kama wanaomwona mfu. Mechack ndiye aliyemjua kwanza. Akamrukia, akamgonga tumbo kwa kichwa, akalia kwa hasira huku akimpiga kiunoni kwa ngumi zake ndogo. Kankolongo akaketi chini palepale. 

"Ulitufuata," akasema.

"Niliwaza unabapeleka kusukula mawe."

"Mi?"

Tshibola akavua kile kitambaa cheusi, akajifuta vumbi usoni. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Munajua tangu lini?" akauliza baadaye.

"Gloire njo alikuona," Kankolongo akasema. "Tulikuja kuteremuka tu, akasema, papa, ile foulard iko sawa ya mama. Nilitaka kukasirika. Lakini Mechack akaanza kukupungia mukono. Unatoka balala, unarudia banasinzia. Batoto banakuona wapi? Nikabaambia: banyamaze, mama asipate haya."

Tshibola akatazama chini. Aliuona mstari wa wenzake, moshi wa majiko, vijana wakinunua na kuondoka wakitafuna. Katikati lilikuwepo pengo lake. Wote walikuwa wakiendelea na biashara, na mahali pake palikuwa wazi, pamefagiliwa. Hakuwahi kujiona namna hiyo. 

Gloire hakuwa amemkumbatia. Alikuwa bado amesimama na gunia mkononi, akimwangalia mama yake kwa jicho la pembeni, jicho ambalo Tshibola alilijua vizuri sana, kwa kuwa lilikuwa lake.

"Mama," akasema, "kama siku ingine mahali iko bule, na hauko nyuma yetu mu majani, shiye tutafanya aje?"

 Yule mwanamke mwenye jibu la kila kitu akamvuta binti yake, wakaketi juu ya gunia moja.

Jumatatu hakwenda karieri. Alibeba beseni mpaka sokoni, akarudi nalo limejaa. Jumanne akarudi kule kule, kwa sababu watoto hula kila siku. Jumamosi ilipofika alifunga kitambaa cha chungwa juu zaidi ya kawaida, kimesimama kama jogoo, akaketi mahali pake, akageuza uso kuelekea kilima. Hakuona mtu. Ni mbali, na wao hulala kifudifudi kwenye nyasi. Hata hivyo akainua mkono.

"Unasalimia nani?" mama wa samaki akauliza.

"Bapolisi yangu."

Wanawake wakacheka, naye akacheka nao. Lakini siku ile hakuondoka pale hata mara moja, hata kwenda kunywa maji, ingawa koo lilimkauka, mpaka jua likageuka na akajua wameshateremka.