Mikono Yote ya Kushoto

Harufu ya makaa yasiyoshika moto vizuri ndani ya pasi ingali inanikera, hata hapa Yeoville, Johannesburg, ninakopiga pasi kwa umeme. Ni harufu ya masika yale ya Uvira, kule Kongo, nilipokuwa na miaka kumi, baba yangu alipokaa chini akakataa kuinuka. Baba alikuwa fundi cherehani, tena fundi kwelikweli. Mwezi mmoja kabla ya Pasaka, kwaya ya kanisa ilimletea satini nyeupe ya majoho. Kila mshonaji anajua: mikono hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, ndipo upate wa kulia na wa kushoto. Siku ile baba hakukunja. Alikata majoho kumi na mawili, mikono yote ya kushoto. Akaitazama, akaweka mkasi chini, akajilaza mkekani uso ukutani. Mama alipomwuliza ana nini, alijibu: "Nimeshonea mji mzima huu. Halafu?"

Halafu! Sikutegemea kukutana na neno hilo tena mpaka nazikwa. Lakini mwanangu Amani, miaka arobaini na sita, mwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma kule Doornfontein, mke mwema, na watoto wanaonijibu kwa Kiingereza, amefunga karakana wiki ya tatu sasa na kuja kulala kwenye kochi langu. Namwuliza kwa nini, ananiwekea filamu ya Kituruki. "Mama, hii imepata zawadi kubwa. Uitazame, ndivyo ninavyojisikia." Basi nikatazama. Daktari wa meno, mtu mzima, nyumba nzuri, anakodolea macho ziwa lililoganda.

"Sasa anafanya nini huyu?"

"Anafikiri, Mama."

Nikaenda kupika ugali, nikarudi. "Bado?"

"Eish, Mama! Anajiuliza maisha yake yana maana gani."

"Na wenye meno mabovu wanajiuliza yeye yuko wapi!"

Njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Mimi nimeishia darasa la tatu, lakini cherehani niliyoingia nayo Johannesburg ndiyo iliyomsomesha huyu anayeniletea ziwa la barafu. Hata hivyo filamu niliitazama mpaka mwisho, maana nilitaka kuona kama yule daktari atainuka. Hakuinuka. Sijui zawadi walimpa ya nini. Amani mwenyewe alikuwa amekwisha kusinzia.

Mama yangu hakuwa na filamu, wala muda. Wiki ya kwanza alimbembeleza baba, ya pili akamtukana, ya tatu akanikalisha mimi kwenye cherehani, hatua mbili kutoka mkekani. "Shona." Sikujua kushona. Miguu ilifika kwenye pedali kwa shida, na skrubu ya kubana uzi mama alikuwa ameikaza makusudi. Mashine ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Uzi ukakatika, nikautunga, ukakatika tena. Mvua inapiga bati, makaa yanatoa moshi, na mama anakatakata mboga kama mtu asiyesikia kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ya nne, sauti ikatoka ukutani: "Legeza uzi." Hakugeuka. Kesho yake akageuza shingo: "Si hivyo, unaua mashine!" Siku iliyofuata alivuta kiti, akanisukuma kwa bega. Ile mikono ya kushoto akaikata upya iwe mifupi, jozi kwa jozi. Pasaka ile kwaya iliimba viwiko vikiwa nje, na watu wakadhani ni mtindo mpya. Alichokiona ukutani hakutuambia, na hakuna aliyemwuliza.

Watu wa leo wanataka kuulizwa. Haya, nimemwuliza Amani: unataka nini? "Sijui, Mama." Ndiyo faida ya kuuliza. Kwa hiyo jana asubuhi niliitoa cherehani dukani kwangu, nikaisimamisha kando ya kochi, nikakaza skrubu mpaka mwisho, nikaanza kushona. Sasa huyu Amani si mshonaji. Uzi haujui, satini haijui. Ila chuma anakijua. Nimeshona vibaya siku mbili, na kwangu hiyo ni aibu kuliko kutembea uchi.

Leo mchana akasema, akiwa bado chali: "Mama, hiyo mashine kuna kitu kinaibana."

"Wapi?"

Hajainuka. Lakini shingo ameigeuza.