Mgongo wa Saa ya Javan

Javan alikuwa mtu wa kutunza vitu. Viatu vyake vya kazi, vile vya kuvaa kiwandani wanakotengeneza mabeseni ya plastiki, alivipaka rangi kila Jumamosi kana kwamba Jumatatu vinaenda harusini. Sasa mtu wa namna hiyo akinunuliwa saa na mkewe, unaweza kujua ataitunzaje. Ilikuwa saa ya kisasa, ya zile zinazoongea na simu na kupima mapigo ya moyo. Nabalayo alimfungia mkononi yeye mwenyewe, pale nyumbani kwao Tassia, orofa ya nne.

"Baba Clare, hii haiingii maji," alimwambia. "Ukioga nayo ni sawa, ukilala nayo ni sawa. Usiivue."

Javan akaitikia. Ila kila Jumapili mchana aliivua, na mahali alipoivulia hakuthubutu kumwambia mtu.

Usimfikirie vibaya bado. Siku alipokuja kumposa Nabalayo, baba mkwe wake, Mzee Opicho, karani mstaafu wa reli na mzee wa kanisa kule Kaloleni, alimsimamisha mbele ya wageni sebuleni. Alikuwa amesikia kwamba kijana amelelewa katika dini ya kanzu nyeupe, ngoma na kuzunguka mduara. "Binti yangu simpi mtu wa ngoma," alisema mzee. "Apa hapa kwamba umeziacha. Ukizirudia, nitakuja kumchukua mwenyewe, na mtoto mtakayemzaa juu." Javan akaapa. Alikuwa anampenda Nabalayo kupita kiasi. Angeambiwa aape kuacha ugali angeapa vilevile. Na kiapo chenyewe alikishika miaka yote, akabatizwa upya na kukaa kwenye viti vya plastiki vya kanisa la mkewe akisikiliza mahubiri ya kipaza sauti.

Kisha mama yake, Kageha, akafariki. Kanisa la mkewe lilituma shada la maua na mwakilishi mwenye adabu sana. Watu wa kanzu walikuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga hadi mochari, wakaimba mpaka mhudumu akaacha kazi yake akasimama mlangoni. Mtu mmoja alimpa Javan ngoma, hata hakumuuliza. Tangu utotoni Javan ndiye aliyekuwa mpigaji kijijini, na mikono haikuwa imesahau. Jumapili iliyofuata alikwenda Mukuru kuwashukuru. Iliyofuata tena alikwenda, safari hii bila sababu, akamwambia Nabalayo kwamba ni kikao cha watu wa nyumbani. Ukimbana sana angekwambia hakudanganya, kwani hao walikuwa watu wa nyumbani kweli. Ukweli ni kwamba kwa mkewe alikuwa anahubiriwa, na kule Mukuru alikuwa anaomba. Alijua pia kwamba siku Mzee Opicho akipata habari, nyumba ya Tassia itabaki na mtu mmoja.

Kanisa lenyewe ni la mabati, ubavuni mwa kinu cha kusaga unga. Mlangoni hukaa Mama Ayuma, bibi wa miaka sabini na kitu, meno manne matano, sauti ya kuamrisha ng'ombe. Sheria yake haina mjadala: viatu nje, sarafu nje, mshipi wa chuma nje, saa nje. Pete ya ndoa peke yake ndiyo huingia. Wengine huzitumbukiza saa zao ndani ya viatu. Javan, kwa ule utunzaji wake, aliona kiatu kitaikwaruza kioo. Akawa anailaza kwa mgongo, polepole, juu ya ukingo wa msingi, kioo kikitazama juu. Ukingo ule fundi aliuacha bila kuupiga plasta, kokoto zimetokeza kila mahali. Na ngoma ikianza, msingi wote hutetemeka. Kwa hiyo ibada nzima saa ilicheza juu ya kokoto ikijisugua mgongo, na aliyekuwa anaichezesha ni mwenyewe, kule ndani, kwa mikono yake miwili. Akitoka aliitazama uso, akaona kioo ni kipya kabisa, akaridhika.

Mkanda wa saa ndio ulioharibu mambo. Ulikatika, Nabalayo akanunua mwingine, akaketi kitandani kuufunga. Ili ufunge mkanda lazima uipindue saa.

"Baba Clare, hebu kuja uone."

Javan alikuja, na kusema kweli yeye pia alikuwa anauona mgongo ule kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umechubuka wote. Kulikuwa na mistari mirefu na mifupi, na rangi ilikuwa imemenyeka pembeni hadi chuma kikaonekana, mfano wa sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Hii unaivulia wapi?"

"Kazini."

"Kazini? Si uliniambia foremani hana shida nayo?"

Alikuwa amemwambia hivyo, tena kwa majivuno.

"Mtu akivua saa kila mara, kuna mahali anapovulia vitu vyake," alisema Nabalayo. Hakupandisha sauti. "Ni nani?"

Hapo ndipo Javan alipofanya lile jambo ambalo hadi leo nikilifikiria natikisa kichwa. Alipiga hesabu akiwa wima. Mwaka uliopita mkaribishaji mmoja wa kanisa lao alishikwa akiwa na mwanamke. Wazee walimwombea, akawekwa benchi la nyuma kwa muda, na sasa yuko mlangoni tena akigawa tabasamu. Mwanamke husamehewa, ngoma haisamehewi. Ngoma ingewatoa Nabalayo na mtoto wao Clare ndani ya nyumba ile.

"Ndiyo," alisema. "Kuna mtu."

"Anaitwa nani?"

Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa. Jina lililokuja mdomoni lilikuwa la mtu aliyemwachia saa kila Jumapili.

"Ayuma."

Nabalayo alimaliza kwanza kuufunga mkanda. Akampa saa yake, akaingia bafuni, akafungua mfereji. Javan alisikia maji yakimwagika muda mrefu, na Tassia maji hayachezewi. Alitamani kugonga mlango aseme yote. Akabaki pale kitandani, mwoga, saa mkononi.

Kesho yake Nabalayo alimpigia baba yake. Wito ukaja: Jumapili jioni, Kaloleni, mbele ya wazee. Wiki hiyo wawili hao waliongea habari za unga na viatu vya Clare, basi. Jumapili mchana Javan alisema, "Naenda kumalizana naye." Na alikuwa na nia hiyo hasa. Aliamua kurudisha kanzu aliyopewa kule na kuaga, ili angalau uongo wake umnunulie ndoa iliyo safi kuanzia siku hiyo.

Mama Ayuma hakumpa nafasi. "Utaniambia baadaye, mwanangu. Mpigaji mwenzako anaumwa. Saa pale, uingie." Javan akailaza saa kwa mgongo, akavaa kanzu, akaingia. Alijiambia ni mara ya mwisho.

Wimbo ulikuwa katikati alipomwona mkewe mlangoni. Alikuwa amemfuata. Amevaa viatu vya visigino na kitambaa kizuri cha kichwa, uso wa mtu aliyekuja kupigana. Javan hakuweza kuacha, ngoma haiachwi wimbo ukiwa katikati. Hakusikia neno, lakini kila kitu alikiona. Nabalayo aliuliza. Mama Ayuma akajigusa kifua. Nabalayo akauliza tena, labda akidhani bibi hasikii vizuri. Mama Ayuma akajigusa kifua tena, sasa kwa kukasirika, kisha akaonyesha vile viatu vya visigino kwamba vivuliwe. Nabalayo alitazama safu ya viatu, halafu ukingo. Saa ya mumewe ilikuwa pale inatetemeka juu ya kokoto. Akainua macho. Javan alitegemea kicheko au matusi, na yote mawili angeyapokea. Nabalayo alikuwa analia. Javan akaendelea kupiga, maana mikono hakuwa na pengine pa kuipeleka.

Alipotoka alimkuta ameketi kwenye ukingo, miguu mitupu, saa imo kiganjani mwake.

"Huyo ndiye Ayuma."

"Ndiye."

"Wiki nzima sijalala, Javan. Nimemwonea wivu nyanya wa watu."

Siku nyingine wangecheka mpaka waishiwe nguvu.

"Ungeniambia," alisema Nabalayo.

"Baba yako angekuja kukuchukua."

"Kwani ulimwoa baba? Umeona heri nikujue kuwa mzinzi kuliko nijue unaomba wapi. Mimi nimekuwa mtu wa kuogopwa hivyo?"

"Niliogopa," alisema Javan. "Leo nilikuja kuaga. Kanzu naiacha."

Nabalayo alivaa viatu vyake. "Twende, wazee wanangoja."

Njiani Javan aliamua kwamba atasema kweli, liwalo na liwe. Walimkuta Mzee Opicho na wenzake wawili sebuleni, chai imeshanywewa, vitambaa vya makochi vimenyooshwa. Mzee hakuzunguka.

"Umemwacha huyo mwanamke?"

Javan akafungua mdomo. Nabalayo akamwahi.

"Nimetoka kwake sasa hivi, baba. Nimemwona mwenyewe. Hatanisumbua."

"Ni msichana?" aliuliza mzee mmoja.

"Ni mtu mzima," alisema Nabalayo. "Anajiheshimu."

Mzee Opicho alishusha pumzi ndefu, akaegemea kiti. "Afadhali," alisema. "Afadhali ni mwanamke. Binti yangu aliponipigia analia, nilidhani huyu amerudia ngoma."

Kisha wazee wakamweka Javan katikati, wakamwekea mikono kichwani, wakamwombea msamaha wa uzinzi wake kwa urefu na kwa sauti. Waliomba pia kwamba huyo Ayuma, popote alipo, aache kunyemelea waume wa watu. Amina ya Nabalayo ilishinda zote. Adhabu ikawa benchi la nyuma hadi Krismasi. Nikwambie jambo la aibu: wanaume wawili watatu wa kanisa lile walianza kumsalimia Javan kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata alipokuwa mtu mwema.

Jumapili ya kwanza ya adhabu walirudi nyumbani kutoka kanisani, wakala. Muda wa kwenda Mukuru ulifika, Javan hakusimama. Alikaa kwenye kochi, vidole vyake vikigonga goti bila yeye kujua. Nabalayo alikuwa anaosha vyombo. Alifunga mfereji, akafuta mikono, akaingia chumbani, akatoka na kipande cha blanketi la Clare la uchanga, amekikunja mara nne. Akakitia kwenye mfuko wa shati la mumewe.

"Uwe unailaza juu ya hiki," alisema. "Na umsalimie mke mwenzangu."

Hakucheka alipoyasema hayo. Akarudi kwenye vyombo, akafungua mfereji tena.