Chikanda cha Bana Mulenga

Siisahau jioni moja sokoni Kasama, ng'ambo huko Zambia, na leo wewe ndiye uliyeniamshia habari zake, mwanangu. Umenionyesha kwenye simu mishikaki ya nge inayouzwa usiku huko Uchina unakokwenda kufuata mzigo, ukaniuliza, "Bibi, wakinikaribisha nifanyeje?" Nge sijawahi kula, ila jibu ninalo. Kaa.

Nilikuwa msichana, nimefuatana na mama yangu mkubwa, Bi Zuhura wa Mwanjelwa, kupeleka mchele wa Ubaruku. Mwenyeji wetu alikuwa Bana Mulenga, yaani Mama Mulenga kwa lugha yao, mjane mcheshi aliyejifunzia Kiswahili Tunduma. Yeye ndiye aliyetulaza kwake na kutuuzia mchele wetu kwenye meza yake. Bila yeye tungekuwa watu wawili wamekalia magunia kando ya barabara.

Jua likizama, soko lile lilikuwa linageuka jiko. Viwavi waliokaangwa wanang'aa kwa mafuta kwenye sinia, moshi wa mkaa kila upande. Bana Mulenga mwenyewe alikuwa anauza chikanda, kitu kizito cha rangi ya ini, kinakatwa vipande kwa kisu. Kila safari alimkatia Bi Zuhura kipande kinono. Bi Zuhura anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, halafu kipande kinapotelea kwenye pindo la khanga.

Siku hiyo nikakatiwa na mimi. Bi Zuhura akaninong'oneza, "Pokea tu, usiulize. Ukimuudhi huyu, biashara yetu imekwisha."

Mimi nina mdomo, unanijua, na ujana haukunipunguzia. Nikapiga goti kidogo, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema, "Mama, sisi ni Waislamu. Naomba nijue, hii ni nyama gani?"

Nilifinywa kiunoni mpaka machozi yakanilenga.

Bana Mulenga akacheka sana. "Nyama? Humu hamna nyama! Ni viazi vidogo vya porini, vinatwangwa, vinapikwa na karanga na magadi. Na vinatoka kwenu, milimani kule Makete. Magunia yanapita Tunduma, ninyi mmelala!"

"Kumbe si nyama?" Bi Zuhura akaropoka.

Kicheko kikakatika. Bana Mulenga akaweka kisu chini. "Mama Zuhura. Vile vyote nilivyokuwa nakukatia, ulikuwa unapeleka wapi?"

Hapo niliogopa kweli. Lakini mama yangu mkubwa hakutafuta uongo. "Kwa mbwa wa jirani yako," akasema, sauti chini.

Bana Mulenga aliumia, nilimwona, akawa anapangapanga vipande ambavyo vilikwisha kupangwa. Bi Zuhura akapiga goti, yeye mkubwa kwa umri, akanyoosha mikono miwili. "Nikatie tena, mwenzangu."

Akakatiwa kidogo, tena kwa uchungu. Akala palepale mbele za watu, akitafuna polepole. Alipomaliza akasema, "Nimejinyima kitu kitamu hivi kwa sababu ya woga wangu." Bana Mulenga akamtazama, midomo ikaanza kumchezacheza, akakata pande kubwa la kutosha watu watatu. Walikuwa marafiki tangu zamani, mwanangu, lakini kuanzia jioni ile ndipo waliposemezana kama ndugu.

Basi nenda Uchina, utembee masoko yao kwa raha, wala usitangulize pua. Ukikaribishwa, pokea kwa heshima, halafu uliza ni nini. Kikiwa halali na moyo umekubali, kula ushibe. Kisipokufaa, sema hapana huku unamtazama mtu usoni, naye ataelewa. Usimdanganye anayekulisha, maana hata akicheka nawe, atakuwa anacheka na mtu asiyemjua.

Mungu akutangulie njiani, akupe wenyeji wema, na kila utakachoonja kikuingie mwilini kwa afya. Nenda, mwanangu. Nimeridhika nawe.