Rehani ya Lori la Matombo

Siku yangu ya kwanza benki, Morogoro mjini, nilivaa kaptula nyeupe na soksi ndefu alizoniazima shemeji. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nilitoka shule ndogo ya misheni huko milimani, na cheti changu kilikuwa cha wastani.

Meneja, Mwingereza asiyependa maneno mengi, alikuwa amenihoji wiki iliyotangulia. "Ninao vijana wa shule kubwa ya serikali," alisema. "Kwa nini nikuchukue wewe?"

"Hao serikali itawaita, bwana, nao watakuacha," nilimjibu. "Mimi hakuna atakayeniita."

Hakucheka. Aliniambia nianze Jumatatu.

Karani Mkuu, Mhindi wa Goa mwenye miwani, ndiye aliyenifundisha kazi. Nilianza na kulinganisha sahihi: mteja akiandika jina lake, unaliweka kando ya lile la siku alipofungua akaunti. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Baadaye nilihamishiwa mikopo, kwa sababu wakulima wa Uluguru walikuwa wameanza kuja na nilijua Kiluguru.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Pius, mkulima wa ndizi na machungwa wa Matombo. Alitaka lori la kupeleka matunda sokoni Dar es Salaam. Benki ilidai rehani, yaani mali inayoshikwa mpaka deni liishe, naye hakuwa na kitu ila shamba. Kwetu shamba ni la ukoo, tena linarithiwa upande wa mama. Mtu mmoja hawezi kuliweka rehani.

Karani Mkuu alitaka kumkatalia. Nikaomba lori lenyewe liwe rehani. Meneja akaivuta fomu.

"Likianguka, utaanguka nalo," alisema, akatia sahihi.

Msimu mmoja mambo yalikwenda vizuri. Masika yaliyofuata mlima uliporomoka karibu na Mkuyuni, njiani kuja mjini, barabara ikafungwa. Ndizi ziliozea kwenye lori. Malipo yakasimama, na barabara ilipofunguliwa Meneja akanituma mimi kwenda kulichukua lori.

Nilimkuta Mzee Pius akilipangusa matope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Najua ulichofuata." Akanipa ufunguo. "Lori chukueni. Ila mjue, mimi sikushindwa kulipa. Iliyoshindwa ni barabara."

Nilimpa ufunguo dereva wa benki niliyekuja naye. Niliketi kando yake, tukateremka.

Sikufukuzwa. Nilihamishiwa tawi la pwani, kisha bara, nikapanda ngazi polepole hadi kuwa ofisa wa mikopo. Kila ombi lililokuja mezani, kabla ya kuuliza mtu ana nini, niliuliza mzigo wake unapita wapi, na masika kunakuwaje. Wakubwa wangu waliona ni uangalifu. Sikuwaambia nilijifunzia wapi.

Vijana wananiuliza niliingiaje benki na cheti kile. Kuingia hakukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kurudi nyumbani, maana miaka yote ile, nikija likizo, nilikuwa nikikwepa njia ya kwa Mzee Pius.

Nilipostaafu nilijenga kwetu Matombo. Jumapili ya kwanza nilichelewa misa, viti vimejaa. Mzee Pius, mkongwe sasa, alikuwa mwisho wa benchi. Alinitambua. Akavuta fimbo yake, akasogea, nami nikakaa.